Keaton Anaenziwa, Ojwang' Tumemweka Wapi?

Majuzi hapa London nilikwenda kutazama The General ya Buster Keaton, ile filamu bubu ya vichekesho ya mwaka 1926, na mpiga piano akiwa pale pale chini ya pazia. Jamaa wa kiti cha pili alikuwa anacheka kabla ya tukio kufika. Keaton hajateleza bado, yeye ameshashika mbavu. Taa zilipowashwa akaniuliza kama sikuipenda, kwa sauti ya kumpa mtu pole. Imenikera hadi leo.

Kwanza, niliipenda. Keaton ameketi kwenye chuma cha magurudumu, garimoshi linaondoka, naye anapandishwa na kushushwa bila kugeuza uso. Halafu kuna lile garimoshi linaloporomoka mtoni daraja likiungua: garimoshi la kweli, daraja la kweli, huko Oregon. Huo ni ufundi, nao nauvulia kofia. Ila kucheka, hapana. Shujaa wetu yuko upande wa majimbo ya Kusini ya Marekani, yaliyoingia vitani ili utumwa udumu, na ukumbi mzima unamshangilia. Mtu mweusi akinyamaza hapo aulizwe kama ameelewa?

Filamu hiyo hiyo ilipotoka wakosoaji wengi waliiponda, na mapato yakawa duni. Mwaka 1972 wakosoaji waliohojiwa na jarida la Sight and Sound wakaiweka kati ya kumi bora za dunia. Ni picha zile zile. Watu waliitunza, wakairudia, wakafundisha watoto wao mahali pa kucheka. Sasa sifa inatangulia, kicheko kinafuata nyuma kwa adabu. Hata Some Like It Hot, iliyoshika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya vichekesho ya Taasisi ya Filamu ya Marekani mwaka 2000, ilishindanishwa na filamu za Marekani tu, lakini watu hapa wanakutajia kana kwamba dunia nzima ilipiga kura.

Nairobi hakuna adabu hiyo. Sebule ya mtaa wa Umoja, majirani wamejaa hadi mlangoni, na mchekeshaji asipochekesha mtu anasimama kwenda kuangalia sufuria. Mzee Ojwang' aliwashika watu hao kwenye Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni, miaka nenda miaka rudi. Na mjue alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, akiongea kwa lafudhi ya Kijaluo hadi Wajaluo wenyewe wakamchukua kuwa wao. Katika nchi yetu hii! Akimwita Mama Kayai, mkewe wa kwenye mchezo, tu, kabla ya neno la pili, nyumba imelipuka. Hatukuwa tumesoma popote kwamba anachekesha.

Najua kuna atakayesema, "Huyu naye, kukaa kwa wazungu kidogo ameanza kutupimia sinema." Wewe unayesema hivyo, mimi ndiye ninayebishana nao huku kwa ajili ya mzee wako! Mwingine atasema silinganishi sawa, kwamba Chaplin alimkejeli Hitler kwenye The Great Dictator. Kweli, mwaka 1940, na ulihitaji moyo. Lakini alikuwa Hollywood, bahari nzima katikati. Vijana wa kundi la vichekesho la Redykyulass walimwigiza Rais Moi hapo hapo Nairobi, Moi akiwa bado Ikulu, na kesho yake walipaswa kupanda matatu kama sisi. Niambieni ni nani aliyehitaji moyo zaidi.

Kinachoniumiza ni kwamba siwezi kumthibitishia yule jamaa. Nikimtafutia Vitimbi ya miaka ya 80 napata vipande vipande, sauti imekwaruzika, mwisho haupo. Mzee mwenyewe macho yalipomsumbua tulimchangia kama tunavyomchangia kila mtu, na alipofariki Julai 2015 tukaandika rambirambi siku mbili tatu. Kanda zake hatukuziulizia. Filamu ya Keaton iliyoangusha waliomlipia inasafishwa fremu kwa fremu. Ya kwetu iliyojaza sebule za nchi nzima haina hata usiku mmoja kwenye pazia kubwa.

Mwenye kanda hizo azitoe. Nikija Desemba niko tayari kulipa kiingilio cha mtaa mzima, Kenya National Theatre au ukumbi wowote, na asiyechekeshwa aende nyumbani bila kuulizwa na mtu.