Maharagwe ya Kigezi: tatizo ni mbegu au udongo?

Kwenye matuta ya ngazi ya Kabale, eneo la Kigezi kusini magharibi mwa Uganda, ng'oa mche wa maharagwe uliogeuka manjano upande wa juu wa tuta. Ubane mzizi kwa vidole viwili na uvute: ganda la nje linachomoka lote, unabaki na kiuzi cha kahawia. Shuka hatua chache hadi ukingo wa chini wa tuta hilo hilo. Mbegu ni moja, siku ya kupanda ni moja, lakini huku miche imenawiri. Mvua na jembe zimekuwa zikiuteremsha udongo wenye rutuba miaka nenda miaka rudi, juu pakabaki pembamba na pagumu.

Tangu miaka ya 1990, ugonjwa huu wa kuoza mizizi ulipowaliza wakulima wa kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda na magharibi mwa Kenya, kuna wanaosema dawa ni mbegu. Wana hoja nzito. K132, maharagwe makubwa yenye madoadoa mekundu yanayopendwa sokoni, huugua upesi. Aina nyingine, RWR 719, humhimili Pithiamu, kimelea kimojawapo cha udongoni kinachoozesha mizizi. Mkulima akibadilisha mbegu, kazi nyingine zote zinabaki zile zile. Ila vimelea ni vingi. Pithiamu hupenda ubaridi na maji yaliyotuama, kwa kuwa vijimbegu vyake huogelea hadi kwenye mzizi. Fuzariamu, kimelea kingine, hustawi kwenye udongo uliochoka na kushindiliwa. Mbegu inayomshinda mmoja yaweza kuangushwa na mwingine.

Wanaotetea udongo hushauri samadi, chokaa palipo na uchachu mkali, na kubadilisha mazao. Nami nawaunga mkono, ingawa ushauri wao mara nyingi hausemi samadi itoke wapi. Mama asiye na ng'ombe, mwenye vipande vitatu vya shamba na maharagwe misimu miwili kwa mwaka, ukimwambia apumzishe ardhi umemwambia watoto wale nini? Tena majani mabichi yakifukiwa leo na mbegu kupandwa kesho, Pithiamu hupata chakula. Yanahitaji wiki kadhaa yaoze kwanza.

Kwangu, pa kuanzia ni kazi ambayo jembe la mama huyo laiweza: kupanda juu ya vituta mahali panapotuama maji, na wakati wa palizi kuinulia udongo shinani. Shina lililofunikwa huchipua mizizi mipya juu ya pale palipooza, na mche uliokuwa unanyauka huweza kufika kwenye maua. Hilo halihitaji fedha, linahitaji mtu wa kumwonyesha mapema. Mbegu imara ije pamoja na kazi hiyo. Ikipelekwa peke yake sehemu ya juu ya tuta, huenda ikaishi, lakini itamzalia maganda mawili matatu tu.