Seva Tatu, Lakini Data Kwenye Moja

Jumatatu moja, saa mbili kasoro asubuhi, alinipigia simu mteja wangu anayeuza bidhaa za jumla hapa Majengo, Dodoma. Usiku umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na seva yake kubwa, kompyuta inayoendesha mfumo wa duka, haikuwaka tena. Nilipofika nilikuta makarani wameshatoa madaftari, wanaandika mauzo kwa kalamu, na wateja wa Kondoa na Mpwapwa wamejaa kaunta. Madabodi, yaani ubao mkuu wa seva, ilikuwa imekufa. Kwenye kabati lile lile seva nyingine mbili zilikuwa zinaunguruma, nzima kabisa.

"Fundi, si uliniambia hizi ni seva pepe, zinaweza kuhama? Basi zihamishe."

Swali lake lilikuwa la haki, na lilinichoma. Seva pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva halisi, huhama kweli, lakini nayo ni mafaili yaliyokaa kwenye diski fulani, na mafaili ya duka lile, kuanzia stoo mpaka hesabu, yalikuwa ndani ya mashine iliyokufa. Tulingoja kifaa kutoka Dar es Salaam siku mbili.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: kabla hujanunua seva ya nne, unganisha diski za zile tatu. Hiyo ndiyo hifadhi pepe. Programu inachukua diski za seva zote na kuzifanya ghala moja. Karani akiingiza mauzo, yanaandikwa kwenye mashine zaidi ya moja kabla hajaambiwa kwamba yamehifadhiwa. Seva moja ikizima, zile zilizobaki zina nakala, na seva pepe zinawashwa upya huko.

Wauzaji wengi watakushauri ununue kasha moja kubwa la diski. Kwa taasisi kubwa ni sawa. Kwa duka lenye seva pepe sita au saba, naona ni kuhamisha mayai yote kutoka kikapu kimoja kwenda kingine cha bei kubwa. Kuhusu leseni, baada ya Broadcom kuinunua VMware, kampuni ya programu za seva pepe, mwaka 2023, leseni zake za kununua mara moja zilisimamishwa, ikabaki kulipia kwa kipindi. Mimi natumia Proxmox kuendesha seva pepe, pamoja na Ceph kuunganisha diski, programu huria zote mbili.

Lakini mteja aambiwe ukweli wa gharama. Ceph kwa kawaida huweka nakala tatu, kwa hiyo seva tatu zenye terabaiti 4 kila moja hazikupi 12. Zinakupa 4, na hata hizo usizijaze: ghala likifika asilimia 85 linaanza kulalamika, likifika 95 linakataa kuandika. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu nafasi hugawiwa kwa ahadi. Unaweza kuziahidi seva pepe terabaiti 8 huku unazo 4, na hakuna atakayekuzuia mpaka siku ile seva pepe zote zitakapodai nafasi yao. Angalia kiwango kila wiki.

Mtandao kati ya seva uwe wa gigabiti 10 kwa sekunde. Na tafadhali, msiweke SSD (diski za kasi zisizozunguka) za kompyuta za nyumbani. Nunueni zile zenye kinga ya umeme kukatika, zinazomalizia kuandika kilichokuwa njiani. Umeme wetu tunaujua.

Mwenye seva mbili tu aongeze kamashine kadogo ka tatu kawe shahidi wa kuamua ipi iendelee. Kebo kati ya hizo mbili ikikatika, kila moja itadhani mwenzake amekufa, na zote zikiendelea kuandika utabaki na vitabu viwili vya hesabu visivyolingana.

Bakapu bado inahitajika, tena nje ya jengo. Karani akifuta faili kwa makosa, linafutika kwenye nakala zote tatu kwa mara moja.

Tulipomaliza kufunga mfumo mpya, Jumamosi jioni, nilimwomba mteja achomoe mwenyewe waya wa umeme wa seva yoyote. Alisita, akauliza mara mbili kama nina uhakika, kisha akachomoa ya katikati. Mfumo wa mauzo ukapotea kwenye skrini ya kaunta. Tukasimama tunatazama saa ya ukutani. Dakika ya nne ukurasa ukarudi, na risiti ya mwisho, ya mifuko kumi ya sukari, ilikuwa pale pale. Karani alikuwa bado ameshika daftari mkononi.