Clannad: After Story haikulazimisha machozi

Kuna makala yanayodai kwamba Clannad: After Story, anime (katuni ya Kijapani) ya Kyoto Animation ya mwaka 2008 iliyotokana na mchezo wa video wa hadithi wa kampuni ya Key, inalazimisha machozi; naomba kutofautiana. Ushio, binti mdogo wa mhusika mkuu Tomoya, anapopoteza roboti yake ya kuchezea kwenye shamba la maua, kisha akakataa kununuliwa nyingine kwa kuwa hiyo ndiyo aliyochaguliwa na baba yake kwa mara ya kwanza, huzuni ile imejengwa kwa subira kubwa. Udhaifu halisi uko mwishoni. Mchezoni, mchezaji mwenyewe hukusanya mianga, yaani nuru ndogo zinazotokana na furaha ya watu, inayoleta muujiza, ilhali kwenye anime mianga hiyo haielezwi vya kutosha, hivyo Nagisa, mama yake Ushio aliyefariki alipomzaa, anarudi kana kwamba msiba haukutokea, na hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe.