Bibi Modeste na kiti cha Lippe

Wanaofuatilia nasaba za watawala wadogo wa Ujerumani huhesabu wanaume: nani kamzaa nani, nani karithi lini. Mimi kila nikifungua ukoo wa Lippe, moja ya nchi hizo ndogo, macho huenda kwa mwanamke mmoja, Modeste von Unruh. Aliolewa mwaka 1803 na Wilhelm Ernst wa tawi la Lippe-Biesterfeld, akafariki mwaka 1854. Miaka 40 na zaidi baada ya kuzikwa, wakubwa waliketi kujadili kama alistahili kuolewa na mumewe. Naona huo ulikuwa udhalilishaji.

Mwaka 1895 Woldemar, mtawala wa Lippe, alifariki bila mtoto. Mdogo wake Alexander alikuwa mgonjwa wa akili, hivyo alihitajika kaimu wa kutawala kwa niaba yake. Waraka wa Woldemar ulimtaja Adolf wa Schaumburg-Lippe, ambaye mkewe Viktoria alikuwa dada wa Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani. Ernst wa Biesterfeld, mjukuu wa Modeste, akapinga, kwa kuwa tawi lake lilikuwa karibu zaidi na kiti. Wapinzani wake wakamshika hapo hapo kwa bibi yake: Modeste alitoka katika ukabaila wa chini, ukoo usiowahi kutawala nchi, na kwa desturi ya koo tawala mtoto wa mama asiye wa hadhi sawa harithi.

Wapo wanaosema bila kanuni hiyo koo zingeparurana. Lakini kanuni yenyewe ndiyo iliyoleta ugomvi, maana hakuna aliyejua kwa hakika mpaka wa hadhi uko wapi. Mwaka 1897 baraza la usuluhishi chini ya Mfalme Albert wa Saxony lilimpa Ernst haki, na Adolf akaondoka. Kaisari hakumeza. Mwaka uliofuata Ernst alilalamika kwamba wanajeshi hawawapi watoto wake saluti. Akajibiwa kwa simu ya maandishi kwamba kaimu atapewa kinachomstahili kaimu, si zaidi, na asithubutu tena kumwandikia Kaisari kwa lugha ile. Watoto wananyimwa saluti kwa sababu ya ndoa ya mama wa babu yao!

Ernst alipofariki mwaka 1904 mwanawe Leopold akaanza kesi upya, na safari hii hata mama yake, Karoline von Wartensleben, akawekwa kwenye mizani. Oktoba 1905 majaji wa mahakama kuu ya dola mjini Leipzig walimpa ushindi. Alexander alikuwa amekwishafariki Januari, kwa hiyo Leopold akawa mtawala kamili, mpaka Novemba 1918 alipojiuzulu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba ushindi haukuwafundisha kitu. Mdogo wa Leopold alimuoa Armgard von Cramm, na ukoo ule ule uliolia kuonewa ukaihesabu ndoa hiyo kuwa ya hadhi ya chini. Mtoto wao Bernhard, aliyezaliwa mwaka 1911, hakuhesabiwa mwana wa nyumba ya utawala hadi Leopold alipompandisha cheo mwaka 1916.

Bernhard huyo, kilembwe wa Modeste, alimuoa Juliana wa Uholanzi mwaka 1937, na binti yao Beatrix akawa malkia kuanzia 1980 hadi 2013. Bado majedwali mengi ya ukoo huu yanampa Modeste jina na miaka miwili tu, pembeni ya mumewe. Wanaoyachora wamwandikie na kesi yake.