Dirisha la Kutokea, Mimi Nikaingilia

Fundi alinikataza. Nalisema hili mapema asije akalaumiwa bure.

Ilikuwa mwezi wa tatu, theluji ndiyo kwanza inayeyuka, na mimi, hapa Marekani, nataka ukuta wa besimenti, yaani ghorofa ya chini ya ardhi, utobolewe niwekewe dirisha la kutokea dharura. Fundi akaokota kijiti, akakichomeka ardhini karibu na msingi. Kikazama kama kijiko kwenye uji.

"Mzee, subiri mwezi wa nane au wa tisa, udongo uwe umekauka. Sasa hivi ukichimba hapa, unachimba kisima."

Tangu nizaliwe sijaona fundi anayekataa kazi. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini nikajifanya mjanja: huyu ana tenda nono kwingine. Udongo laini si ndio rahisi kuchimba? Mwezi wa kwanza alinikatalia pia, eti ardhi imeganda na zege litachelewa kushika. Sasa imeganduka, anadai ina maji!

Halafu mama mkwe alikuwa anakuja. Chumba cha wageni kiko besimenti, na kanuni za Marekani hazikitambui chumba cha kulala cha chini ya ardhi kisicho na njia ya kutokea. Kwa kawaida uwazi wa dirisha la chini ya ardhi usipungue futi za mraba 5, na kingo yake ya chini isizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Ukubwa huo si wa kukutoa wewe tu. Ni wa kumwingiza pia zimamoto na mtungi wake wa hewa mgongoni. Nani amlaze mama mkwe mahali asipofika zimamoto?

Nikang'ang'ania. Tukapiga simu 811, namba ya kupiga kabla ya kuchimba, wakaja kuweka alama zinapopita nyaya na mabomba ya chini ya ardhi, kazi ikaanza. Siku ya kwanza likachimbwa shimo refu kushinda kifua changu, na ukuta ukakatwa kwa msumeno wa zege. Siku ya pili ilikuwa ya dirisha, kokoto na bomba la kutolea maji. Kwa usiku mmoja tu tundu likafunikwa kwa nailoni. Mama mkwe akafika jioni ile ile, akatandikiwa sebuleni, mabegi yake nikayashusha besimenti kwa mikono yangu mwenyewe.

Saa nane usiku mvua ikaja. Sitaieleza. Nilichosikia ni mke wangu: "Baba Neema, kisima chako kinajaa."

Nikatoka na ndoo, tochi mdomoni, kaptura na malapa. Maji shimoni yalikuwa yanakaribia tundu. Nikainama ukingoni nichote ndoo ya kwanza. Ukingo ukainama pamoja nami. Ule udongo laini niliousifia ulimeguka wote kwa mpigo. Nikashuka nao, nikaipiga nailoni kwa kichwa, nikapita ukutani miguu ikiwa nyuma, ndoo imetangulia, tope na maji vikinisukuma kama gunia kwenye mtelezo. Kitambi hakikugusa popote. Kwa vipimo, kanuni zile ziko sawa kabisa.

Nikatua sakafuni kwa tumbo. Tochi ilikuwa imezimika, lapa moja halijulikani liliko. Nikasikia kwanza mtu akikohoa, kisha taa ikawashwa. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye ngazi, khanga begani. Alikuwa ameshuka kuokoa mabegi yake. Begi moja lilikuwa linaelea taratibu kuelekea kwangu.

Sasa mtu unafanya nini? Umelala kifudifudi, tope hadi masikioni, na aliyesimama mbele yako ni mama mzazi wa mkeo. Nikafanya nilichofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mama."

Akaniangalia. Akaliangalia lile tundu ukutani, maji yakiendelea kumiminika. Akaniangalia tena.

"Marahaba, mwanangu. Kwani mlango umeharibika?"