Dhiki haielezi kila kitu
Kuna makala yanayodai kwamba tunawafanyia ukatili watu tusiowajua kwa sababu maisha yamekuwa magumu na mwenye njaa hana subira, hoja ambayo mimi siikubali. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, wavuvi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambao sidhani kama kuna aliyewahi kuwaita matajiri, walitoka na vyombo vyao kuwaopoa watu wasiowajua kwa jina wala kwa sura. Mwezi uliopita, kwa upande mwengine, nilikuwa bandari ya Mkoani, kisiwani Pemba, abiria wanashuka, nikamwona bibi mmoja, pindo la buibui lake limerowa maji ya chumvi, akiwauliza vijana watatu gari ya Wete inasimama wapi. Mmoja wao, mwenye saa ya kung'ara na soda baridi mkononi (dhiki gani hiyo?), akamwelekeza pasipo na gari hata moja, na bibi akashika njia akiburuta kapu lake la ukili juani huku nyuma wakicheka hadi machozi. Nilipomfuata na kumrejesha, gari ilikuwa imeshaondoka. Kumwelekeza sawasawa kungemgharimu kijana yule kunyoosha mkono tu, na mkono aliunyoosha vilevile; faida aliyoipata ndiyo inayonishinda kuielewa mpaka leo. Je, yupo miongoni mwenu aliyewahi kumuuliza mtu wa namna hii, uso kwa uso, akapewa jibu?