Mtaa Mzima Unaniita Baba Isipokuwa Mwenyewe

Jamani mi nina dukuduku. Tangu huyu mtoto azaliwe mtaa mzima unaniita Baba Naila, wa genge Baba Naila, fundi cherehani Baba Naila, konda wa daladala ambaye hajui hata kama nina mtoto nae "baba sogea nyuma huko", mama mkwe aliyekuja toka Korogwe kumuogesha mtoto siku arobaini nae ananiita baba. Sa mwenye haki yenyewe, aliyenipa cheo, karibu anatimiza mwaka na hajawahi kulitamka hata kwa bahati mbaya.

Yalianza mapema. Siku ya nne tu nilimuona anacheka, nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la ofisini nikaandika "kashamjua baba yake", watu wakajaza makopakopa. Mama mkwe akachungulia, "anacheka na malaika huyo baba, wewe bado hajakuona." Nikasema moyoni haya maneno ya kizamani. Kufika kliniki nesi nae akanimalizia, eti cheko la kweli la kumchekea mtu linakuja kwenye wiki ya sita hivi, hilo la usingizini linajiendea lenyewe tu, na tena mtoto mchanga haoni vizuri zaidi ya sentimita 20 mpaka 30, yaani kutoka ziwani mpaka usoni kwa mama yake. Nikapiga hesabu kimya kimya. Kumbe siku zote zile nilizosimama mlangoni nakenua meno na kupunga mikono, mi nilikuwa ukungu.

Na kulia nako. Mama Naila anasikiliza kilio sekunde tatu kama fundi gari anavyosikiliza injini, afu anatoa jibu: hii njaa, hii usingizi, hii kalowa, hii anataka tu kubebwa mjeuri huyu. Mi nasikia "ngaaa" moja hiyo hiyo. Siku moja akaniachia mtoto kaenda sokoni, ngoma ikaanza, nikajaribu chupa, nikajaribu kubembeleza, nikabadilisha pampasi ambayo ilikuwa kavu kabisa na bei yake mnaijua, nikamuimbia mpaka nyimbo za mchakamchaka za shule ya msingi, wapi. Mama yake kufika getini, hata ndani hajaingia, "wee Baba Naila, mtoto anasikia joto, mvue hilo sweta!" Kutoka getini! Na sweta hajaliona!

Basi kwenye miezi saba akaanza kubwabwaja, nikasema sasa zamu yangu imefika. Nesi alishaniambia sauti za midomo kama m na b ndo nyepesi kwa watoto, sasa angalia Kiswahili kilivyo: mama, baba, bibi, babu, dada, kaka. Yaani wazee walikaa chini wakamsikiliza mtoto anavyobwabwaja afu wakagawana silabi, kila ndugu na yake, ili ukoo ugombane vizuri. Mi nikafungua kampeni. Kila jioni nikirudi kazini hata viatu sijavua nachuchumaa mbele yake, "sema baa-ba, baa-ba", yeye ananiangalia mdomo kama nina kipande cha mchicha kwenye meno.

Jumapili moja, kashiba uji, katulia, akafumbua mdomo. "Da-da-da-da."

Dada wa kazi katoka jikoni mbio na mwiko mkononi, "Abee mpenzi wangu! Kaniita! Mama Naila umesikia kaniita?" Huyo ana miezi miwili tu hapa kwangu! Jioni nikamsikia anapiga simu kwao Singida anamsimulia mama yake, na mama yake huko anapiga vigelegele. Mi pampasi natoa mimi, maziwa mimi, nauli ya kliniki mimi, cheko nimepewa nusu, afu neno la kwanza linaenda Singida. Mke wangu eti "usijali, hapo hajui anachosema, anachezea ulimi tu." Haya, lakini yeye mwenyewe anadai kaitwa zamani, kisa mtoto akilia anasema "mmmaa-maa". Nikamwambia hilo sio jina mama Naila, hilo ni lalamiko. Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Chanjo ya surua ya miezi 9 nikaenda mwenyewe. Nesi kauliza, anaitikia jina lake? Anapunga mkono wa bai? Nikajikuta najibu kama niko kwenye intavyuu, ndio nesi, anapunga, vizuri sana. Ni kweli anapunga lakini anampungia mbuzi wa jirani na bodaboda, mi nikitoka asubuhi ananitazama kama mtu wa kusoma mita. Wiki hiyo hiyo nikanyoa ndevu, kurudi nyumbani kalia mpaka akapaliwa, ikabidi niongelee nje ya dirisha kwanza ili anitambue kwa sauti. Kwangu. Ninapolipa kodi.

Ee, kodi. Hapo ndo pana kisa chenyewe, maana miezi mitatu sijalipa. Sa huyu mtoto sijui lini kaanza kunisoma, juzi kachukua rimoti kaweka sikioni, "ayo!", afu akaanza kuongea kilugha chake kirefu, sauti inapanda inashuka, mkono hewani, anatikisa kichwa, na mwishoni akatamka vizuri kabisa, "keto, keto," akaitupa chini. Mama yake kacheka mpaka kakaa sakafuni. "Huyo ni wewe na mwenye nyumba, Baba Naila. Kesho, kesho."

Jumamosi mwenye nyumba kaja kweli. Hodi hodi. Mi nikajitosa chumbani nyuma ya pazia, nimebana pumzi, miguu juu ya ndoo. Nasikia mzee anauliza, "Baba Naila yupo?" Dada, yule yule mwenye neno lake, akajibu vizuri tu, "Shikamoo babu, baba katoka." Mzee akasema marahaba, akawa kama anageuka aende zake.

Na Naila alikuwa kasimama dede kwenye kochi. Akaachia mkono mmoja, akanyoosha kidole, kile kidole ambacho mama yake amekisifia wiki nzima kwa majirani kwamba mtoto sasa anaonyesha vitu, akakielekeza moja kwa moja kwenye pazia.

"Baba!"

Limetoka safi, silabi zote mbili. Kisha kwa kuwa alikuwa na uhakika, akarudia.

"Mashallah," nikamsikia mzee, anavuta stuli akae. "Kumbe kashaanza kuongea."